Mnaopanga kwenda Chicago kuangalia mechi, mkae chonjo: nimeuziwa kiti nyuma ya nguzo na hela hawarudishi

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Tangu nirudi Iowa City, kila nikifungua taarifa ya benki kwenye simu damu inachemka. Mods naomba msiuhamishie huu uzi kule kwenye utani, mimi siko kwenye utani.

Kwa wasiofuatilia: Jumamosi tarehe 4 Novemba 2023 timu ya Chuo Kikuu cha Iowa walicheza ugenini na Northwestern. Ni mpira wa Kimarekani wa vyuo, ule wa helmeti. Northwestern kwao ni Evanston, kaskazini ya Chicago, ila mechi hii waliipeleka Wrigley Field, uwanja wa besiboli uliojengwa 1914. Jimbo la Iowa halina timu kubwa ya kulipwa hata moja, kwa hiyo huku chuo ndiyo Simba na ndiyo Yanga. Timu ikisafiri, watu wanasafiri nayo. Tukajipanga watu watatu: mimi, shemeji yangu, na mzee mmoja wa Bukavu ninayefanya naye kazi, ambaye ameishi hapa miaka mingi na mpira huu anaujua kuliko Wazungu wengi.

Barabara sina ugomvi nayo. I-80 halafu I-88, tozo za upande wa Illinois hazipokelewi taslimu, kamera inasoma namba ya gari, na usipokuwa na I-PASS, kile kifaa cha kulipia tozo, unalipa bei mara mbili na una siku 14 za kuilipa. Ghali, lakini vibao vipo na bei inajulikana. Hilo tu ndilo ninalodai kwenye uzi huu: niambie bei yako mapema, niamue mwenyewe.

Sasa njoo kwenye tiketi. Nilinunua kwenye tovuti ya wauzaji wa mkono wa pili, siitaji kwa sababu madai bado yapo benki. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa: dola 95 kila kiti. Unachagua viti, saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma eti viti vitachukuliwa, unajaza jina, unajaza kadi, ukurasa wa mwisho kabisa ndiyo unaona 372.75. Tatu mara 95 ni 285, hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Zilizobaki ni "ada ya huduma" karibu dola 80, na juu yake dola 7.95 ya "kutuma tiketi". Kutuma wapi? Tiketi ni picha ya msimbo kwenye simu! Hakuna bahasha wala pikipiki iliyokuja mlangoni kwangu.

Hayo ningeyameza. Tumeingia uwanjani, tumepanda ngazi, tumefika kwenye mstari wetu, na mbele ya kiti changu kuna nguzo ya chuma. Wakuu, nguzo! Inabeba ghorofa ya juu. Ukikaa wima unaona robo ya uwanja upande wa kushoto na kipande upande wa kulia, na katikati, pale ambapo mpira unaanzishwa, unaona rangi ya nguzo na boliti zake. Mstari mzima tulikuwa tumeinamia upande mmoja kama abiria wa daladala inayokata kona. Mama mmoja mtu mzima aliyevaa jezi ya njano na nyeusi akanigonga bega kunipa pole, yeye alikuwa na mto wa kukalia na redio sikioni, ameshazoea.

Nikamfuata mzee mmoja anayeelekeza watu viti. Akaangalia simu yangu, akacheka kwa huruma. Akasema viti hivi vinajulikana tangu zamani, na vikiuzwa mara ya kwanza huwa na maelezo kwamba vina kizuizi. Mimi nina picha za skrini za kila ukurasa tangu siku ya kununua (mke wangu ananisema kwa tabia hii, leo imenifaa) na neno kizuizi halipo popote. Maana yake kuna mtu kati ya mnunuzi wa kwanza na mimi ameyafuta hayo maelezo akaniuzia nguzo kwa bei ya uwanja. Kwa hiyo wale mnaokuja kuniambia "ungesoma vizuri", pitieni kushoto. Nimesoma. Halikuwepo la kusoma.

Na mechi yenyewe mnaijua Iowa ya msimu ule wa 2023. Kocha wa ushambuliaji alikuwa mtoto wa kocha mkuu, mkataba wake ulimtaka timu ipate wastani wa pointi 25 kwa mechi, na siku chache kabla ya safari chuo kikatangaza kwamba msimu ukiisha naye basi. Sisi tulikuwa tunaishi kwa ulinzi na kwa kubutua. Nasema kweli, shujaa wetu alikuwa Tory Taylor, kijana wa Australia ambaye kazi yake ilikuwa kubutua mpira ufike mbali, na watu walimshangilia kuliko mfungaji. Sasa hebu fikiria umelipa hela yote ile kuangalia timu ya kubutua, na mpira ukibutuliwa unapita nyuma ya nguzo.

Mwisho ni 7-7, zimebaki sekunde, Drew Stevens, mpigaji wetu wa mateke ya goli, anapiga teke la yadi 53, likiingia ni pointi tatu. Nikauona mguu. Nikauona mpira unapaa. Halafu ukaingia kwenye chuma, na mimi nimesimama shingo imepinda nasubiri utokee upande wa pili. Haukutokea. Nilijua tumeshinda 10-7 kwa makelele, na kwa shemeji kunirukia mgongoni. Bao la msimu hilo, nimekuja kuliona jioni kwenye runinga ya hoteli kama aliyebaki Iowa na kikombe chake cha chai.

Hoteli nayo. Tangazo: dola 169 kwa usiku. Mapokezi: kuna "ada ya eneo" dola 30. Ya nini? Ya intaneti, chumba cha mazoezi na chupa mbili za maji. Nikasema sitaki maji wala mazoezi, niondolee. Dada akatabasamu, akasema ni ya lazima. Kodi ya vyumba Chicago wakati huo ilikuwa asilimia 17.4, hiyo ya serikali siibishii, ila wameipiga mpaka juu ya hiyo ada ya chupa. Tukafika 233.63. Kuegesha gari dola 68, na dola 100 zimezuiwa kwenye kadi "kwa usalama". Mzee wa Bukavu akaichukua ile karatasi akaisoma polepole mstari kwa mstari, akaniambia: "Ndugu yangu, kwetu banaiba bila risiti. Huku banaiba na risiti."

Asubuhi tukasema basi angalau tukapige picha kwenye lile Maharage la chuma, sanamu kubwa inayong'aa yenye umbo la haragwe pale Millennium Park. Lilikuwa limezungushiwa uzio tangu Agosti, ukarabati wa eneo. Shemeji alikuwa ameshavaa suti.

Nitende haki: treni. Laini Nyekundu kutoka katikati ya jiji mpaka kituo cha Addison, mlangoni pa uwanja, nauli wakati huo ilikuwa dola 2 na nusu. Imeandikwa 2.50, ikakata 2.50. Nilishangaa. Na usiku ule saa zilirudishwa nyuma saa moja, kama Marekani wanavyofanya kila Novemba, tukapata saa nzima ya usingizi wa bure, nadhani hoteli walisahau kuiwekea ada.

Tiketi nimewaandikia. Jibu: mauzo yote ni ya mwisho, lakini kwa usumbufu tunakupa punguzo la dola 15 kwenye ununuzi wako ujao. Ujao! Benki nimepeleka picha zote za skrini pamoja na picha ya nguzo niliyopiga nikiwa nimekaa kwenye kiti. Oktoba 2023 FTC, tume ya serikali inayosimamia biashara Marekani, ilipendekeza kanuni ya kuwabana wanaoficha ada hadi ukurasa wa mwisho, lakini pendekezo halirudishi hela yangu.

Kuna mtu humu aliwahi kupinga malipo ya tiketi benki akashinda? Waliwataka ushahidi gani zaidi ya picha? Na wale wa Chicago, mtu akija na gari ana mahali pa kuegesha kwa bei ya kibinadamu karibu na kituo cha treni, aache gari huko? Mrejesho nitaleta benki wakijibu.