Tupeane uzoefu: siku uliyosema ukweli ukaitwa ofisini, nani alisimama na wewe?

Mkulima wa Mkondoa (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Kila tukigusa uhuru wa kutoa maoni, watu wanakimbilia Ibara ya 18 ya Katiba, kisha mjadala unahamia kwa wabunge na wahariri. Ibara nimeisoma, ni nzuri. Mimi nataka tushuke chini kidogo. Wewe mtu wa kawaida, siku uliyofungua mdomo, nani alikukinga? Na nani alikuacha solemba?

Naanza mwenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji, chini ya mwembe. Unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, huo wetu ulikuwa wa kwanza mwaka mzima. Nikanyoosha mkono: kila kaya imechanga elfu kumi ya choo cha shule, mbona hata mashimo hayajachimbwa, na mbona mapato na matumizi hayasomwi? Mwenyekiti akasema hiyo si ajenda ya leo. Nikauliza tena. Mgambo akaanza kunisogelea.

Kuna bibi mmoja, ana miaka themanini hivi, alikuwa amekaa mbele kabisa juu ya kanga yake. Bila hata kuinuka akasema, "Mwacheni mtoto amalize. Hata mimi niliuza kuku nikatoa." Watu wakacheka, mgambo akarudi kivulini.

Kesho yake nikaletewa wito. Karatasi ya daftari, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, "ufike ofisini bila kukosa", muhuri umegongwa kichwa chini miguu juu. Kosa: kuvuruga mkutano. Nafika ofisini, namkuta yule bibi kwenye benchi la nje na wenzake wawili. Hakuna aliyewaita. "Tumekuja kusikiliza," akaniambia. Ndani sikumaliza dakika kumi, nikaambiwa nirudi nikalime.

Haya, mwageni yenu.

Mvuvi wa Kilifi

Kaka, shikamoo ya huyo nyanya yako nimeipeleka kutoka huku Kenya.

Mimi 2015 niliandika Facebook kuhusu zahanati yetu. Saa nne asubuhi mlango umefungwa, akina mama wamekaa kwenye simiti na watoto wenye homa. Nikaweka na picha ya kufuli. Siku ya tatu polisi wako mlangoni. Nikasomewa kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, eti nimetumia vibaya mtambo wa mawasiliano. Faini hadi shilingi 50,000 au miezi mitatu ndani. Nililala seli usiku mmoja, nikatoka kwa dhamana, na kila nikienda kortini naambiwa rudi mwezi ujao.

Kilichoniokoa ni mtu ambaye sijawahi kumwona kwa macho. Anaitwa Geoffrey Andare. Naye alikuwa ameshtakiwa kwa kifungu hichohicho, kwa kuandika Facebook. Mimi nilikuwa nahangaika kutafuta wakili wa kuniombea msamaha, yeye akakishtaki kifungu chenyewe. Aprili 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi ikakifuta: ni kipana mno, mtu hawezi kujua lini amevuka mpaka. Kesi yangu nayo ikafa kifo cha mende.

Lakini msinipigie makofi bado. 2018 ikatungwa sheria ya makosa ya mtandao, na humo kueneza habari za uongo kukawekewa adhabu ya hadi miaka kumi. Nani atapima uongo wangu na kufuli lile lilikuwa limefungwa kweli? Shamba la mahindi ni lilelile, wamebadilika nyani.

Mama Vifaranga

Mimi hakuna aliyeniita popote. Nilikuwa na blogu ya kuku wa kienyeji: kideri, ndui, chanjo inawekwaje kwenye maji, banda lielekee wapi. Wasomaji si wengi, ila watu walikuwa wanapiga simu usiku, "Mama, kuku wangu amekunja shingo, nifanyeje?"

Zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018. Wakati ule, ukijumlisha maombi, leseni na ada ya mwaka, ilikuwa inapita milioni mbili za Kitanzania. Kuku wangu wote siku hiyo, na banda lao, wasingefika milioni mbili. Nikaifunga blogu usiku, nikahamia WhatsApp na watu wangu sitini.

Kwa hiyo mkiuliza nani alininyamazisha sina wa kumnyooshea kidole. Hakuna mgambo, hakuna muhuri. Nilipiga hesabu tu.

Mtoto wa Mwisho

Mimi nilitolewa kwenye kundi la ukoo na baba mdogo, baada ya kuuliza michango ya msiba imebaki kiasi gani. Aliyenitetea hakuna. Shangazi alinirudisha baada ya wiki mbili kwa sababu kulikuwa na harusi na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wachangaji.

Mama Ntilie Temeke

Na sisi tulioumizwa na midomo ya watu tunaruhusiwa kuchangia?

Napika karibu na gereji. Mwenzangu wa biashara kama yangu alirusha sauti kwenye kundi la mtaa, sekunde arobaini tu: wateja wangu wanajaa kwa sababu napikia maji yaliyooshea maiti. Mnaujua uvumi huo, kila mama ntilie anaombewa usimpate. Kesho yake kilo kumi za wali zimenilalia. Saa tisa maharage yameshaanza kuchacha. Hivyo hivyo karibu miezi mitatu.

Mjumbe akaniambia nimwachie Mungu. Polisi wakataka ushahidi. Wajuzi wakasema fungua kesi ya kashfa. Kwa hela ipi, ya wali uliolala?

Kijana anayesimamia lile kundi ndiye aliyenisaidia. Niliomba amtoe yule mama, akakataa. Niliomba afute ile sauti, akakataa, akasema imeshasikika, ukifuta watasema kweli. Nilimchukia siku hiyo. Asubuhi akaja na simu yake, akanirekodi tangu nakinga maji bombani mpaka naepua, akairusha palepale, kisha akamwandikia mwenzangu: kama una la kuongeza, leta. Hakuleta.

Wateja nusu walirudi. Nusu nyingine hadi leo wanapita upande wa pili wa barabara.

Mkulima wa Mkondoa

Mama, hili limenikalisha chini. Ungetaka aliyesema afungwe?

Mama Ntilie Temeke

Siku ile ningemfunga mwenyewe kwa kamba ya mkaa. Sasa hivi wanawe wanakula kwangu wakitoka shule.

Mzee wa Kahawa

Vijana, mnadhani wito wa ofisini umeanza jana. Mwaka 1958 Mwalimu mwenyewe alipandishwa kizimbani Dar es Salaam kwa kashfa. Gazeti la Sauti ya TANU lilikuwa limewasema wakuu wa wilaya wawili wa Kiingereza. Akatetewa na D. N. Pritt, wakili yuleyule aliyemtetea Kenyatta kule Kapenguria, lakini wapi. Faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Akalipa.

Nasikia raha kuisimulia, ila nimalizie na upande wa pili, maana wengi wanaukata. Serikali ya huyohuyo Mwalimu ndiyo iliyokuwa madarakani sheria ya magazeti ya 1976 ilipompa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Ilikaa miaka arobaini, hadi ilipobadilishwa 2016. Ndiyo maana mimi nikisikia mtu anasema "tukishika sisi mtaongea mpaka mchoke", naagiza kahawa nyingine.

Mvuvi wa Kilifi

Mtoa mada, umetuacha njiani. Choo kilijengwa?

Mkulima wa Mkondoa

Mashimo mawili yameshachimbwa, bati bado. Mkutano mwingine umetangazwa Jumamosi. Bibi amenitumia salamu kwamba safari hii atauliza yeye, mimi nikakae kwenye benchi.