Ushauri: Fundi aliyenifundisha kazi yuko chini yangu saiti, na hataki kufunga braka kwa kufuli

Mtoto wa Jang'ombe

Asalaam alaykum wakubwa zangu. Nakuombeni ushauri, na aliyekuja kutukana apishe kwanza.

Nasimamia kazi ya umeme kwenye hoteli moja upande wa mashariki, Unguja. Jengo la zamani lina wageni, sisi tunaongeza majengo mawili ya vyumba na jiko jipya. Mafundi ninao wa kila namna: vijana waliotoka Mafunzo ya Amali Mkokotoni, wengine wa kutoka bara, na Mzee H.

Mzee H ndiye tatizo. Nilipomaliza skuli alinichukua nikawa namshikia ngazi, kila ninachokijua kwenye wayaringi kimetoka kwake. Sasa kampuni imenipa mie usimamizi kwa ajili ya cheti. Mkono wake hauna mjadala, akipiga paipu huhitaji hata pima maji. Lakini anafanya kazi na moto, yaani umeme haujazimwa. Nikimwambia azime, afunge braka (swichi ya kukatia umeme kwenye bodi) kwa kufuli na ufunguo akae nao mfukoni, ananicheka mbele ya vijana: "Mie nimepima umeme kwa ncha ya kidole weye hujazaliwa, leo waniletea kufuli?" Vijana wanaangua kicheko, halafu wanamuiga.

Wiki iliyopita mmoja wao kapigwa shoti kwenye jiko la zamani. Alhamdulillah yuko salama, kaungua vidole tu. Kontrakta mkuu ananiambia nimfukuze mzee. Mtu ambaye kila Ramadhani nafuturu kwake nimfukuze vipi? Na juu ya hayo, zege la slabu ya juu linamwagwa wiki ijayo, paipu nyingine za kupitishia waya humo sijazikagua. Nianzie wapi?

Kebo Nne

Fukuza. Umeme haujui nani kamfundisha nani.

Binti Mtoni

Kebo Nne, kufukuza ni rahisi ukiwa umekaa nyumbani. Ukimtoa mzee, nusu ya vijana wanaondoka naye, na slabu ni wiki ijayo.

Mtoa uzi, nijibu mawili kabla sijasema kitu. Yule kijana alipopigwa, braka ilikuwa haijazimwa, au ilizimwa mtu akaja kuiwasha? Na mzee analipwa vipi, kwa siku au kwa pointi?

Mtoto wa Jang'ombe

Ilizimwa, kijana mwenyewe aliizima. Mpishi akaona friji ya samaki imenyamaza, akaenda kwenye bodi akairudisha. Hakujua kama kuna mtu.

Malipo ni kwa pointi. Taa pointi, soketi pointi, swichi pointi.

Binti Mtoni

Basi mambo yote mawili umeshayasema mwenyewe.

La kwanza, mzee anadhani kufuli ni kumwambia kwamba hajui kazi. Usimwendee kwa mlango huo. Mwambie kufuli ni la mpishi. Hata awe na vidole vya chuma, ukishapima ukakuta hakuna moto, mtu akawasha nyuma yako, ujuzi wako wa miaka yote haukusaidii kitu. Na umwambie faragha, nyumbani kwake, baada ya Isha. Mkubwa hakosolewi mbele ya wadogo, hilo si la kufundishana.

La pili ni pesa. Anayelipwa kwa pointi, kila hatua ya kwenda kwenye bodi, kumtafuta mtu wa hoteli, kuomba ruhusa ya kuzima, kusubiri wageni wamalize chai, yote hayo anayalipia yeye. Ndiyo maana anafanya na moto. Wewe unaona kiburi, mie naona hesabu. Jengo jipya mwache aendelee kwa pointi, huko hamna moto bado. Kazi yote inayogusa jengo la zamani mlipe kwa siku, hata kama siku nzima kafunga soketi tatu. Kampuni ikikataa, waulize nani atajibu maiti ikitoka.

Mie nasimamia mafundi wanaume watupu, wengine umri wa baba yangu. Tangu nilipobadilisha malipo, mabishano ya kufuli yamepungua kuliko yalivyopungua kwa hotuba zangu zote.

Kebo Nne

Nimekuelewa dada. Lakini akiendelea baada ya hapo?

Binti Mtoni

Akiendelea anatolewa jengo la zamani, anabaki jipya. Hilo halina kubembelezana.

Fundi wa Chake

Nyote mmesahau jenereta. Hoteli gani Zanzibar haina jenereta? Sisi tuliopitia giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima cha Unguja miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, tunajua mahoteli yalivyoyakimbilia. Sasa nyingi zinajiwasha zenyewe umeme ukikatika. Ukizima upande wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ukadhani umemaliza, mashine inasubiri sekunde kidogo, inaunguruma, na bodi ina moto tena. Kwa hiyo ukizima bodi kubwa, jenereta itolewe kwenye "oto", na iwe na kufuli lake peke yake, si lile la upande wa ZECO. Sola yenye betri, kama ipo, ni hivyo hivyo.

Kila fundi awe na kufuli lake na ufunguo wake. Si kufuli moja la fomeni. Wakiwa wanne kwenye laini moja, kuna vibanio vyenye matundu sita, kila mtu anatia la kwake, na moto haurudi mpaka wa mwisho atoe. Braka ndogo zina vishikizi vyake, kufuli la kawaida la sokoni Darajani peke yake halishiki.

Na kupima: testa ijaribiwe kwanza mahali penye moto, kisha laini uliyoizima, kisha irudishwe penye moto. Testa mbovu nayo inasema hakuna umeme.

Mtoto wa Jang'ombe

Shukran ami. La jenereta kweli halikuwa kichwani mwangu. Na slabu?

Fundi wa Chake

Slabu hiyo mkabidhi Mzee H. Mpe ukaguzi wote wa paipu kabla ya zege, jina lake liwe kwenye karatasi, alipwe kwa siku. Mtu mwenye mkono kama huo kumwacha ahesabu pointi ni israfu. Aangalie miunganiko imetiwa gundi, midomo ya paipu imezibwa, pasiwe na kona za nyuzi tisini zaidi ya mbili baina ya boksi na boksi, la sivyo waya hauvutiki. Piga picha kila chumba, na futi ikiwa imelazwa ionekane. Baada ya miezi sita mtu akitoboa slabu kufunga kiyoyozi utanikumbuka.

Siku ya kumwaga, fundi umeme mmoja asiondoke. Vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege, inavunja paipu na mwenye kuishika hata habari hana. Isiwe Ijumaa: watu wako wakiwa msikitini, wale wa zege wakiwa wameshaanza hawasimami.

Jengo la pili kama msingi bado uko wazi, unganisha arthi (waya wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini) na nondo za msingi sasa hivi, kwa idhini ya injinia. Mashariki kote ni jiwe la matumbawe, rodi ya arthi haiingii, na ikiingia kipimo kinakuchekea.

Pwani Mchangani

Na boksi za chuma nje, upande wa bahari, usikubali hata wakikupa bure. Chumvi inazila.

Mtoto wa Jang'ombe

Nimetoka kwa mzee sasa hivi. Nimeanza na mpishi, kama dada alivyosema. Kanyamaza, kisha kauliza yule kijana vidole vinaendeleaje. Ukaguzi wa slabu kaukubali, ila anataka malipo ya siku yaandikwe, hataki maneno. Kufuli kasema atatia, lakini alinunue mwenyewe, la kwangu dogo mno.

Kesho nakwenda kwa kampuni na hesabu ya malipo. Dada Binti Mtoni, wewe kiwango cha siku ulikipangaje, ulichukua wastani wa pointi zao au ulikubaliana nao tu?