Tupeane uzoefu: timu ya kikapu ya Memphis Grizzlies uliijuaje, na bado uko nayo?

Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa nachambua nguo za kupeleka kijijini, nikaikuta jezi yangu ya Grizzlies, namba 34, imepauka hadi huruma. Mwanangu akauliza hii ni timu ya nani. Nikamwambia ya kwetu. Akacheka.

Yangu ni hii. Usiku wa kuamkia 26 Juni 2009 tulikuwa vijana wanne kwenye intaneti kafe ya Mwenge, tumemwomba mwenyewe asifunge. Ukurasa ulikuwa unafunguka kwa kujivuta. Kwenye drafti ya NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, chaguo la kwanza Blake Griffin, kwa timu ya Clippers. Karibu na saa tisa usiku likaja la pili, la Memphis Grizzlies: Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, futi 7 na inchi 3, ambaye mpira wa kikapu alianza kuushika akiwa na miaka kama 15 tu, ndiye Mtanzania wa kwanza kuingia ile ligi. Tulipiga kelele mpaka mlinzi wa jirani akaja na rungu. Kelele zilipotulia mmoja wetu akauliza, "Sasa hiyo Memphis iko wapi?" Tukatazamana.

Leteni zenu.

Mzee wa Ghalani
Wanangu, mimi niliijua ikiwa bado haijafika Memphis. Nilitoka Mombasa nikaja huku British Columbia, kazi yangu kupakia mizigo usiku, na mwaka 1995 mji wa Vancouver ukapata timu, msimu mmoja na Toronto Raptors. Mechi mbili za mwanzo tukashinda! Nikasema hawa wana nyota. Loo, zikafuata 19 mfululizo za kufungwa. Baadaye msimu uleule wakafungwa tena 23 mfululizo. Jumla ushindi 15, vipigo 67. Nilikuwa nikifika kazini wenzangu hawaniulizi matokeo, wananipa pole.

Kilichoniuma hasa ni Steve Francis. Alichaguliwa wa pili mwaka 1999, akakataa katakata kuja, mpaka akapelekwa Houston. Mji mzima ulijisikia kama mchumba aliyerudishiwa posa. Dola ya Kanada nayo ilikuwa chini, ilhali wachezaji hulipwa kwa dola ya Marekani. Tajiri mpya akanunua mwaka 2000, na 2001 akaihamisha. Jina wakaondoka nalo. Grizzly ni dubu wa milima ya huku. Kule Memphis hayupo hata wa dawa.

Je, bado niko nayo? Matokeo huwa naangalia. Mke wangu hajui.

Mkweli Mchungu
Tusidanganyane. Wa tatu kwenye drafti ile ya Thabeet, 2009, alikuwa James Harden. Wa saba Stephen Curry. Wote wakawa nyota wakubwa. Msimu wa kwanza Thabeet alipata wastani wa pointi 3.1. Mimi uzoefu wangu ni hasira tu.

Dada Pointi Gadi
Mkweli, hasira zako tunazijua, zinakuja kila drafti ikitajwa. Dakika 13 kwa mechi unataka afanye nini? Na humo humo alikuwa anabloku, yaani anazuia mitupo ya wapinzani, zaidi ya mmoja kwa mechi. Walimshusha hadi ligi ya chini, Dakota Wizards, msimu huohuo wa kwanza. Sisemi alikuwa bora kuliko Harden, sijapotewa na akili.

Ninachotaka kusema ni kilichotokea huku nyumbani. Mdogo wangu wa kiume alikuwa mrefu, anatembea ameinama kwa aibu, mtaani wanamwita mlingoti. Baada ya ile drafti jina likabadilika ghafla, akawa Hasheem. Mama lishe akimwona anapita anamwita, "Hasheem, njoo ule, utatukumbuka ukifika." Akaanza kunyoosha mgongo. Nikamburuta Don Bosco Upanga kuangalia ligi, akapenda. Kikapu hakikumtoa popote, leo ni fundi umeme na hahitaji ngazi kwenye dari fupi. Ila mgongo umebaki umenyooka.

Bin Mississippi
Mimi niko Memphis kwenyewe, tangu enzi za Pyramid. Kwa msioijua, ni piramidi kweli, kubwa, kando ya mto, kwa sababu mji una jina la Misri. Timu ilicheza humo hadi 2004 ikahamia FedExForum. Ile piramidi leo ni duka la vifaa vya uvuvi na uwindaji.

Timu iliingia mtoano 2004, 2005 na 2006, ikafagiwa 4-0 mara zote tatu. Mechi 12, ushindi sifuri. Februari 2011 wakamtoa Hasheem kwenda Houston, akaja Shane Battier. Mimi niligoma. Nikaapa sinunui tiketi tena, mtu wetu katolewa kama chenji.

Aprili ikaja mtoano, tuko wa nane, San Antonio wa kwanza. Mechi ya kwanza naangalia kwa jirani, nimenuna, nimebaki na koti langu mwilini. Zimebaki sekunde kama 24, tuko nyuma, mpira ukamfikia Battier. Akaachia pointi tatu. Ndani! Mechi ikaisha 101-98, ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu. Nilisharuka kabla sijakumbuka ni Battier, na nimemgomea. Jirani alicheka hadi akakaa chini.

Mechi ya sita nilikuwa uwanjani, tiketi ya juu kabisa karibu na paa. Zach Randolph alitia 31, tukawatoa 4-2. Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia akilia, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Tanzania. Akasema, "Kwa Hasheem!" Akanipa taulo lake la kushangilia.

Mwanzisha uzi
Bin Mississippi, taulo unalo bado? Nina jezi huku, naweza kughairi kuipeleka kijijini.

Bin Mississippi
Ninalo. Mke wangu alilifanya dekio mwaka jana, nimelifua, herufi bado zinasomeka.