Video ya harusi inagoma kukonvati, msaada wadau

Wadau habari, nina video ya harusi ya dada imechukuliwa kwa iPhone, faili ni la aina ya MOV, nikiiweka kwenye programu ya kukonvati inasema fomati haisapotiwi, hata nikiibadilisha jina iwe .mp4 inatoa sauti tu picha nyeusi, na mama anaisubiri kwa hamu, nifanyeje?

— Mkuu jina halibadilishi kilichomo. MOV ni boksi tu, ndani picha itakuwa imebanwa kwa HEVC yaani H.265, njia mpya ya kubana video, hiyo programu yako itakuwa ya zamani haiijui. Daunlodi HandBrake, programu ya kukonvati ya bure kabisa, chagua H.264, njia ya kubana ya zamani zaidi, toa MP4.

— Kwanza ifungue na VLC, programu ya kuchezea video, ikicheza ujue faili ni zima.

— Na orijino usiifute ndugu, kila ukikonvati ubora unashuka.