Nta imekauka nyeupe kwenye plastiki za RAV4: naitoaje, na rangi niikinge na nini?

Mwenye RAV4, Kigamboni

Habari za jioni wakuu. Nina RAV4 ile ya zamani wanayoiita Kilitime, bluu iliyokolea, plastiki za milangoni na za juu ya matairi ni nyeusi. Juzi niliipeleka kuoshwa, kijana akasema ataipiga na nta. Aliipaka saa saba mchana juani, gari zima kwa mkono mmoja, plastiki na raba za vioo humo humo. Rangi inang'aa, sikatai. Ila plastiki zimebaki na mabaka meupe, hasa kona ya bampa la mbele, chini ya waipa na kuzunguka vitasa. Nikiosha na sabuni ya unga yanapotea, zikikauka yanarudi. Fundi mmoja kasema nipake mafuta ya taa, mwingine kasema thina.

La pili: gari linalala nje chini ya mwembe, na kila siku navuka na pantoni. Naosha nyumbani, maji ya kisima. Kuna duka wananishawishi niweke seramiki, ile dawa inayopakwa juu ya rangi na kukauka ngumu, eti sitaosha tena na hata kokoto haitaacha alama. Kuna ukweli hapo, au nta ya kopo inatosha?

Mama Probox, Mombasa

Pole kaka. Probox yangu bampa zote mbili ni nyeusi, kwa hiyo shida hiyo naijua. Mimi huchukua siagi ya karanga laini, kidogo tu kwenye mswaki mzee, nasugua, napangusa, kisha naosha na sabuni ya vyombo. Alama zatoka.

Mpolishi wa Mjimwema

Mkuu, thina usiiguse kabisa. Inalainisha plastiki na inakula rangi, na bampa likishapata doa la thina hakuna dawa ya kulirudisha. Mafuta ya taa hayana ukali huo, lakini yanaficha tu: yanajaza vitundu vya plastiki, unaiona nyeusi siku mbili tatu, halafu vumbi lote la njiani linaganda pale. Hizi dawa za dashibodi zenye silikoni ndiyo yale yale.

Siagi ya karanga ya dada wa Mombasa inafanya kazi kweli, mafuta yake yanalegeza nta. Kwa kona moja ya bampa sina neno. Kwa gari zima linalolala chini ya mwembe, mabaki yake yatakuitia sisimizi.

Anza kwa kuhakikisha ni nta. RAV4 za umri huo zimekula jua miaka mingi, na plastiki iliyochoka nayo hupauka. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti, sugua mahali padogo pasipoonekana, subiri pakauke. Pamba ikitoka na ute mweupe na pale pakabaki peusi, ni nta. Ikitoka na ukijivu na plastiki ikapauka tena sawasawa eneo lote, basi plastiki yenyewe ndiyo imechoka, na dawa yake ni nyingine. Kwa jinsi ulivyoeleza, mabaka yako kwenye kona na mipakani, naona ni nta. Imelala kwenye vile vitundu vya plastiki. Ukimwaga maji yanavijaza na weupe hauonekani, maji yakikauka unauona tena.

Fanya kazi hii jioni, gari limepoa. Osha plastiki na maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kausha. Nenda duka la dawa, nunua spiriti ya isopropili ya asilimia 70, ichanganye nusu kwa nusu na maji kwenye chupa ya kupulizia. Puliza eneo la kiganja kimoja, si mlango mzima. Subiri kidogo, sugua na mswaki laini wa meno kwa kufuata mistari ya plastiki, na upanguse palepale na kitambaa cha maikrofaiba wakati bado kuna unyevu. Hapo usiwe na haraka wala usichelewe: spiriti inailegeza nta tu, ukiiacha ikauke inarudi kulala ilipokuwa. Kitambaa kigeuze upande safi kila mara, la sivyo unahamisha nta kutoka mlango huu kwenda ule. Na uilinde rangi ya jirani, maana spiriti itaondoa na ile nta uliyoilipia.

Kona ya bampa itakusumbua kwa sababu pale nta ni nene. Tafuta ufutio mweupe wa wanafunzi, ule laini, si ule mgumu wa kufutia wino wenye chengachenga. Sugua plastiki ikiwa kavu. Utaona ufutio unatoa vijiti vidogo vyeupe, vinabeba nta ndani yake. Vipeperushe, pangusa, rudia. Chini ya waipa mkono hauingii vizuri, kwa hiyo pasha na drai ya nywele kwa mbali kwanza, kiganja chako kikae karibu kupima joto, kisha mswaki. Raba za vioo usizisugue na mswaki, kitambaa chenye spiriti kidogo kinatosha. Ukimaliza paka dawa ya plastiki iliyotengenezwa kwa maji. Na siku nyingine gari likipigwa nta, bandika kwanza tepu ya karatasi ya mafundi rangi kwenye mipaka yote. Tepu ni rahisi kuliko jioni nzima ya mswaki.

Sasa rangi. Ile klia ya kiwandani, tabaka angavu linalofunika rangi, mara nyingi ina maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wa kawaida wa kichwani. Kila gari likipigwa kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, klia inapungua, na haijirudishi. Ndiyo maana nasema kinga ni bora uipake mapema, usingoje rangi ichakae ndipo uanze kuisugua.

Nta ya kopo nyingi nzuri zina karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Inapendeza sana kwenye rangi iliyokolea kama yako, lakini kwa gari linaloshinda juani hapa pwani hesabu wiki, usihesabu miezi. Silanti ni kama nta lakini ya kutengenezwa kiwandani kwa polima, inakaa miezi kadhaa, na kuipaka ni kazi ya mtu mmoja mchana mmoja. Seramiki ina asili ya silika, inashikana na klia na inaweza kukaa mwaka na zaidi, lakini kila mkwaruzo uliokuwepo unafungiwa chini yake, ndiyo maana gari lazima lisafishwe na kupolishiwa kwanza. Ile 9H ambayo wauza seramiki hupenda kuionyesha ni kipimo cha ugumu kwa kukwaruza na penseli. Haihusiani na kokoto inayorushwa na lori. Kwa kokoto kuna filamu ya plastiki ya poliurethani inayobandikwa juu ya rangi, yenye unene wa maikroni 150 hadi 200, na bei yake utaisikia mwenyewe. Na kuosha utaosha, hakuna bidhaa inayoondoa vumbi.

Kwa hali yako mimi ningechukua silanti, na sababu kubwa ni maji. Visima vingi vya huku Kigamboni vina chumvi na madini. Juu ya seramiki maji yanajikusanya matone ya duara, jua likiyakausha kila tone linaacha pete nyeupe. Silanti ikipata madoa hayo unaiondoa na kuipaka upya. Seramiki uliyolipia hela nyingi huwezi kuichezea hivyo.

Dereva wa Tabata

Hapo mkuu umeibana seramiki. Yangu ina zaidi ya mwaka, maji bado yanateleza na tope linatoka kwa kumwagia tu. Siijutii hata kidogo.

Mpolishi wa Mjimwema

Sibishi, seramiki ikipakwa na mtu anayejua ni kitu kizuri sana. Gari lako linalala wapi, na unaosha na maji gani?

Dereva wa Tabata

Lipo chini ya banda, maji ni ya bomba, ya DAWASA. Na huwa nalikausha kabla sijaliacha.

Mpolishi wa Mjimwema

Basi umejibu. Angekuwa na banda na maji hayo ningemwambia aweke leo hii.

Mwenye RAV4, Kigamboni

Nimefanya ya pamba, imetoka nyeupe kabisa na plastiki imebaki nyeusi. Nashukuru sana wakuu, na dada wa Mombasa pia. Silanti naipaka juu ya nta iliyopo au naitoa kwanza? Na kunguru je? Asubuhi boneti nalikuta limechafuliwa kila siku.

Mpolishi wa Mjimwema

Itoe. Silanti inatakiwa ishike kwenye klia, ikikuta nta inashika nta na inaondoka nayo. Ukishaosha, pangusa rangi na ule mchanganyiko wa isopropili, kivulini, kisha ingiza vidole kwenye kifuko laini cha mkate na uvipitishe juu ya boneti. Ukisikia chengachenga, kuna utomvu na uchafu ulioganda, tafuta kipande cha udongo maalumu wa magari ukiteleze na maji ya shampuu mpaka pawe laini. Hapo ndipo silanti, tabaka jembamba.

Kinyesi cha kunguru kina asidi, na klia ikipata joto inalainika na kukiachia alama, kwa hiyo kitoe kabla jua halijapanda. Usikikwangue, kina mchanga na mbegu ndani. Lowesha karatasi ya chooni, ilaze juu yake dakika chache, kisha inua kwa kwenda juu. Ukishuka pantoni suuza gari na chini kwenye chesisi pia, kisha likaushe. Na kama kuna mahali pengine pa kulaza gari, hamisha, mwembe ukianza kudondosha utomvu ni shida kuliko kunguru.