Simu ya megapikseli 200 au kamera ya 24? Nisaidieni, napiga picha shughuli za wanawake Pemba

binti_wete
Assalaam alaykum wanajamvi. Nipo Wete, napiga picha kwenye shughuli za wanawake: hina, singo, kupamba, mpaka bibi harusi anatolewa. Wanaume hawaingii, kwa hiyo kazi ninayo. Natumia Galaxy S23 Ultra, kaniletea kaka yangu aliyeko Oman. Mchana haina mpinzani. Usiku ndani, taa moja ya manjano, ndo tabu: hina inakuwa kama imepanguswa, mistari haionekani, na wakianza kucheza viganja vinaacha mkia.

Nimepata Canon EOS 200D iliyotumika, ina lenzi yake ya 18-55. Shemeji anasema nitatupa pesa, maana simu ina megapikseli 200 na kamera 24. Sijui nimjibu nini. Pesa ya karafuu ndo hii hii, sitaki kujuta.

Yakhe77
Waalaykum salaam. Shemeji yako kasema kweli. Mie machweo ya Forodhani napiga kwa simu, watu wanadhani nina kamera. Kisha picha zenyewe si zinakwenda WhatsApp? Kule zinabanwa zote, hakuna atakayejua.

binti_wete
Machweo hayachezi, kaka. Na hawa wanataka albamu ya kushika mkononi.

mwl_fizikia
Dada, megapikseli ziweke pembeni kwanza, tazama ukubwa wa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Sensa kuu ya simu yako ni kama milimita 10 kwa 7. Ya 200D ni 22.3 kwa 14.9. Kwa eneo ni zaidi ya mara nne. Mpemba hahitaji maelezo marefu: ukianika karafuu, kinachopokea jua ni upana wa jamvi. Ukilichora jamvi dogo miraba 200 badala ya 24, jua halikuongezeka, umeongeza michoro tu.

Na simu yenyewe inalijua hilo. Vitone vyake, yaani hizo pikseli zenyewe, vina upana wa mikromita 0.6. Kwenye giza inaviunganisha 16 vifanye kazi ya kimoja, na unachopata ni picha ya megapikseli 12 na ushei. Ile 200 ni ya kwenye boksi. Kitone cha 200D kina mikromita 3.7 hivi, hakihitaji kuungana na mwenzake.

Ule mkia wa viganja unatokana na namna simu inavyofidia udogo wake. Inapiga picha kadhaa mfululizo, inazipandanisha, kisha inafuta chenga, zile punje punje za picha ya gizani. Ukipiga mlango wa mbao, inakupa kitu safi kabisa. Ukipiga mkono unaocheza, picha ya kwanza na ya pili hazilingani. Na inapofuta chenga inafuta na hina, kwa sababu mstari mwembamba kwenye mwanga hafifu nao unafanana na chenga.

Yakhe77
Sasa mwalimu, mbona jamaa yangu kanunua kamera kama hiyo hiyo na picha zake za ndani ni mbaya kuliko za simu yangu? Hapo jamvi limekwenda wapi?

mwl_fizikia
Swali zuri, na ndo litakaloamua pesa ya dada isipotee. Muulize alifunga lenzi gani. Nina hakika ni hiyo hiyo ya 18-55 iliyokuja na kamera. Ukiivuta mpaka 55 uwazi wake unaishia f/5.6, na namba ya f ikiwa ndogo ndo uwazi mkubwa. Lenzi ya simu ni f/1.7. Kwa kila milimita ya mraba, lenzi ya simu inapitisha mwanga karibu mara 11 ya hiyo. Sensa kubwa mara nne na nusu haiwezi kuziba pengo hilo. Hata kwenye 18, ambako inafunguka f/4, zinakaribiana tu. Ongeza na ule ujanja wa simu wa kupandanisha picha, kamera inashindwa peupe.

Weka lenzi ya f/1.8 na hesabu inageuka: kamera inapokea mwanga kama mara nne ya simu, tena kwa picha moja, bila kupandanisha chochote. Kwa hiyo dada, kama pesa inatosha mwili wa kamera na 18-55 tu, baki na simu. Nasema kweli.

mama_picha_mjini
Binti yangu, mie hesabu nawaachia wenyewe. Huku mjini kwenye shughuli nyingi simu zinaachwa mlangoni. Mpiga picha akitoa simu kila mtu anavuta kanga, maana watu wamevaa na kujiachia, na simu nyingine inapeleka picha mtandaoni yenyewe bila hata mwenyewe kujua. Ukiwa na kamera, picha zipo kwenye kadi. Mwenye shughuli anakwambia nipe kadi, unampa. Mie wateja wananirudia kwa hilo kuliko kwa uzuri wa picha. Ila 200D ina waifai na bluetuthi, izime kabla hujaingia.

Na ile kazi ya simu ya kufifisha nyuma ya mtu, kwa bibi harusi haifai. Inakata nyuzi za mtandio na maua ya kichwani, kwa sababu inakisia mpaka wa kichwa.

fundi_darajani
Kabla hujalipa, toa lenzi, imulike kwa tochi kutoka nyuma huku unatazama mbele. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo kuvu, iache. Unyevu wa visiwani hauoni huruma. Ukishanunua, usiifungie kabatini ndani ya mkoba wa ngozi. Tia kwenye kopo la plastiki linalobana, na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye mabegi mapya.

binti_wete
Ahsanteni sana, Allah awalipe. Muuzaji kakubali kunipa mwili mtupu. Ninunue 50mm f/1.8?

mwl_fizikia
Kwa uso wa bibi harusi akiwa amekaa, ndiyo. Ila kwenye sensa ile 50 inabana picha kama lenzi ya 80, inavuta karibu mno. Kwenye chumba cha hina utagandama ukutani na bado hutapata watu watatu.

binti_wete
Na 24mm ya f/2.8? Nimeiona, bapa kama biskuti.

mwl_fizikia
Vyumba vyetu itakufaa kwa upana. Lakini f/2.8 inapitisha chini ya nusu ya mwanga wa f/1.8, kwa hiyo simu utaishinda, ila si kwa mbali. Kama moja tu, chagua unachouza zaidi: sura au kundi?

mama_picha_mjini
Anza na 50. Albamu hulipiwa kwa uso wa bibi harusi. Wacheza ngoma wapige kwa simu, taa ziwashwe zote, na mwambie mwenye nyumba abadilishe ile balbu.