Tupeane uzoefu: kufufua pikipiki za zamani za trials, na spea tunazipata wapi Arusha na Moshi

Mwanzisha uzi, Sakina, Arusha

Wakuu, habari za jioni. Nina Yamaha TY175 ya miaka ya 70 niliyoitoa kwenye stoo ya shamba la kahawa upande wa Tengeru. Kwa ambao hawajawahi kuziona, hii ni pikipiki ya trials, mchezo wa kupita juu ya miamba, magogo na vijito polepole bila kuweka mguu chini. Mguu ukigusa mara moja unaandikiwa alama 1, mara mbili 2, kuanzia mara tatu ni 3, na ukishindwa kabisa kupita ni 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Ndiyo maana siti yake ni jina tu, na gia ya kwanza inatembea kama mtu anayepanda ngazi. Yamaha waliunda familia ya TY wakiwa na Mick Andrews, Mwingereza aliyeshinda mashindano ya Scottish Six Days Trial kwa pikipiki ya Ossa mwaka 1970, 1971 na 1972, kisha kwa Yamaha 1974 na 1975.

Nilichokwisha kukiona ni hiki: ukiingia dukani ukasema "nataka spea ya TY", jibu ni haipo, na muuzaji anasema kweli. Ukiingia na kipimo, mara nyingi kitu kipo. Upana wa silinda ya TY175 ni milimita 66, mwendo wa pistoni 50, sawasawa na Yamaha DT175 ya miaka ile, na DT zimetumika sana kwenye misheni na miradi ya vijijini. Kwa hiyo mwenye uzoefu aweke hapa alichopata, alikopata na kipimo chake. Mashine hizi zikishapimwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu ndiyo basi tena, na mimi inaniuma.

Fundi wa Unga Ltd

Mkuu, hapo kwenye vipimo umenena. Anza na beringi na sili. Beringi haijui imefungwa kwenye chombo gani. Namba imeandikwa ubavuni: 6202 ni 15 kwa 35 kwa 11, 6203 ni 17 kwa 40 kwa 12, 6204 ni 20 kwa 47 kwa 14, iwe imetoka kwenye Yamaha au kwenye mashine ya kusaga. Ya zamani ikiwa na C3 mwishoni mwa namba, nunua yenye C3. Hiyo ina nafasi kubwa kidogo ndani, haibani injini ikishika joto. Sili nazo zina namba tatu, yaani tundu la ndani, upana wa nje na unene. Maandishi yakiwa yamefutika, pima shafti na nyumba yake, usipime raba iliyochakaa.

Sili za krenki kwenye injini ya 2T (ile inayochoma oili pamoja na petroli) usizirudishe hata zikionekana nzima. Raba iliyolala stoo miaka mingi inakakamaa, hewa inapenya, petroli na oili vinakuwa kidogo mno kwa hewa iliyoingia, pistoni inashika, yaani inakwama kwenye silinda. Niliwahi kuletewa DT iliyokuwa imefungwa pistoni mpya mahali pengine, ikashika muda mfupi baadaye. Pistoni haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa sili ya upande wa magneto (panapozalishwa umeme wa injini): ukiikunja inakatika.

La mwisho: skrubu za Wajapani wa zamani zinaonekana kama za bisibisi ya nyota tuliyozoea, lakini mkato wake ni mwingine, unaitwa JIS. Nyingi zina kitone kidogo kwenye kichwa. Bisibisi ya kawaida inaruka na kula kichwa. Tafuta ya JIS, au ile ya kugonga kwa nyundo.

Mzee wa Kiboriloni, Moshi

Vijana hamjambo. Yangu ni Honda TL125. Kila aliyeiona alinishauri niweke injini ya bodaboda nipumzike. Nilikataa, na bado nakataa. Injini nyingi za bodaboda za Kichina ni nakala za Honda CG125 iliyotoka 1976. Kamshafti yake, mhimili unaofungua valvu, iko chini na valvu zinasukumwa kwa vijiti. TL kamshafti iko juu kwenye hedi, inazungushwa na cheni. Silinda ya TL ni 56 kwa 49.5, ya CG ni 56.5 kwa 49.5. Mtu anaona 125 na 125 anadhani ni kitu kimoja. Ndugu wa TL ni XL125 na CB125S za miaka hiyo, huko ndiko pa kutafuta.

Mimi nilipata pistoni ya XL ya ovasaizi 0.50, yaani pana kwa nusu milimita kuliko ya awali, pale Majengo, kwa mtu aliyefunga duka akabaki na maboksi nyumbani. Wazee wenye maboksi ya namna hiyo wapo, muwatafute kwa adabu na muwe na subira ya kukaa nao. Fundi wa kuchonga silinda nilimpa pistoni mkononi kwanza. Silinda huchongwa kufuata pistoni iliyopo, siyo kufuata namba ya kwenye boksi.

Koili ya magneto nilimpelekea fundi anayesuka mota za pampu. Aliifungua huku akihesabu mizunguko, akapima unene wa waya, akasuka upya.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Koili hiyo ni ya moto au ya taa?

Mzee wa Kiboriloni

Marahaba. Ya moto. Ilikuwa ikiwaka vizuri ikiwa ya baridi, ikipata joto inazima, ikipoa inawaka tena. Ukiona hivyo kagua koili na kondensa kabla hujagusa kabureta.

Dada wa Usa River

Mimi nina Suzuki TS125 ya marehemu baba, siyo ya trials, ila tenki lilikuwa na kutu ile ile mnayoijua. Nilishauriwa asidi ya betri, nikakataa kwa sababu inakula hata bati zima. Nilitumia magadi. Koroga magadi kwenye maji, jaza tenki, ning'iniza kipande cha nondo katikati kisiguse tenki popote. Chaja ya betri ya volti 12: chanya kwenye nondo, hasi kwenye tenki. Mapovu yatapanda na nondo itavaa uchafu, unaitoa na kuisugua, unarudisha. Fanya nje, mbali na moto, maana mapovu yale ni gesi ya hidrojeni inayolipuka. Usitumie chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, kinatoa sumu. Na tenki likiwa la alumini usijaribu kabisa, magadi yatalitafuna. Ukimaliza suuza, kausha upesi, zungusha oili ya 2T ndani siku hiyo hiyo.

Kijana wa Njiro

Matairi ndiyo mtihani. Trials inataka 2.75-21 mbele na 4.00-18 nyuma, bodaboda zinatumia 17 na 18. Ya 21 ulizia kwa wanaohudumia DT na XL. Nyuma, 4.10-18 ya XL inakaa, ingawa haina raba laini ya trials. Kumbuka pia vibanio vya tairi kwenye rimu: trials inaendeshwa na upepo mdogo sana, kama psi 5, na bila kibanio tairi linazunguka kwenye rimu na kung'oa mdomo wa tyubu.

Msafiri wa Namanga

Nairobi nenda Kirinyaga Road na sampuli mkononi, picha ya simu haitoshi. Kwa kitu cha TY chenyewe, Uingereza bado wanashindana na trials za zamani zenye shokapu mbili nyuma, kama TY, kwa hiyo kuna maduka yanayotengeneza vipya vishikio, kebo na mapedeli. Agizeni pamoja mgawane usafiri, na mlipe ushuru wake.

Fundi wa Unga Ltd

Jingine kwa wa Moshi na Arusha. Moshi mjini ni mita 800 na kitu juu ya bahari, Arusha karibu 1,400. Pikipiki iliyorekebishwa Moshi ikifika huku Arusha inalewa petroli, plagi inakuwa nyeusi. Kabla ya kununua jeti ndogo, pandisha klipu ya sindano ya kabureta mfereji mmoja. Sindano inashuka, petroli inapungua.

Mzee wa Kiboriloni

Na kadi je? Kijana, namba ya chesisi soma kwanza, ulinganishe na kadi, na mwenye jina awe tayari kwenda nawe TRA kuhamisha. Hayo yatangulie kabla hujanunua hata plagi.

Mwanzisha uzi

Kadi ipo mzee, na mtoto wa mwenye shamba amekubali twende wiki hii. Fundi, kesho mchana nakuletea krenki uing'oe beringi. Vipimo vya sili zote nitaviandika hapa tukishazisoma.